Kutafuta Metali Chini ya Udongo: Niliyofundishwa Jinja na Mbale

Nilipokuwa shuleni tulifundishwa habari za sumaku na umeme, nami nikazikariri na kupata maksi zangu, lakini sikuziona zikifanya kazi yo yote mpaka nilipokwisha kuacha shule na kukutana na mzee mmoja wa hapa Jinja. Jirani zake humwita Afande, kwa kuwa alikuwa askari, na kazi yake jeshini ilikuwa kutafuta mabomu ya ardhini kule kaskazini. Desemba 2012 Uganda ilitangaza kwamba imemaliza kuyaondoa mabomu hayo. Yeye alikuwa amekwisha kustaafu, akarudi nyumbani na mazoea yake ya kutembea polepole akitazama chini. Mwanawe aliyeko Uingereza akamletea kigunduzi cha metali, na tangu siku hiyo mzee hana mchezo mwingine.

Yafaa kwanza nieleze chombo hiki kifanyavyo kazi, maana wako wadhanio kina uchawi, na wako matapeli wanaowauzia watu hao “mashine za dhahabu”. Ndani ya sahani ya duara iliyo mwisho wa mpini mna waya ulioviringwa, uitwao koili. Betri hupeleka humo mkondo wa umeme uendao mbele na kurudi nyuma mara elfu nyingi kwa sekunde moja. Mkondo huo huzaa nguvu ya sumaku inayozama katika udongo. Ikikuta kipande cha shaba au cha chuma, huamsha ndani yake vijimkondo vya umeme vizungukavyo kama maji nyuma ya jiwe mtoni, navyo huzaa sumaku yao wenyewe, dhaifu sana. Koili ya pili huipokea sumaku hiyo dhaifu, na chombo huigeuza kuwa sauti masikioni mwako. Ni hayo tu. Chombo hakijui thamani ya kitu. Tena hakifiki mbali: sarafu moja iliyozama kupita upana wa sahani yenyewe, mara nyingi haisikiki.

Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu chombo cha namna hii mwaka 1881, Rais Garfield wa Marekani alipopigwa risasi na madaktari wasijue ilipo mwilini. Bell hakuipata. Husemwa kwamba kitanda cha rais kilikuwa na springi za chuma, nazo zikavuruga sauti. Afande alicheka sana nilipomsomea habari hii. “Wangemlaza mkekani,” akasema. Chombo cha kutafutia mabomu alikitengeneza Mpolandi mmoja, Józef Kosacki, katika Vita Kuu ya Pili, kikatumika El Alamein mwaka 1942.

Somo langu la kwanza lilikuwa uani kwa Afande, alikofukia vitu kumi bila kunionyesha. Nikaupeleka mpini kama mtu afyekaye nyasi, nikiuinua juu kila upande. Nilipata vitatu.

“Kijana, hilo si fyekeo,” akaniambia. “Sahani iende sawa na ardhi, karibu na majani bila kuyagusa. Na kila mpito uingie juu ya mpito uliotangulia. Kule kaskazini, ukiruka nafasi ya kiganja, kiganja hicho ndicho kitakachomkata mtoto mguu.”

Basi nikajifunza kwenda polepole. Sauti ikisikika, pitisha tena kwa kukata msalaba. Mistari miwili ikutanapo ndipo kitu kilipo. Kata udongo pande tatu, uufunue kama jalada la kitabu, na wa chini uuweke juu ya gunia. Ukimaliza rudisha wote ukanyage. Shimo lililoachwa wazi huvunja mguu wa ng’ombe, na mwenye ng’ombe hatauliza habari za sumaku.

Majuma ya kwanza tuliokota vizibo. Ng’ambo ya mto, huko Njeru, kuna kiwanda cha bia tangu miaka ya 1950, na naweza kushuhudia kwamba bidhaa zake hazikukosa wateja. Kisha siku moja nikapata senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1942, yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu. Siku hizo fedha yetu ilikuwa moja na ya Kenya na Tanganyika. Uganda ilianza kutoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966. Sikulala kwa furaha.

Huko Mbale mambo yalikuwa mengine. Tulikwenda kwa shemeji yake Afande, mzee Mgisu mwenye migomba kwenye mteremko. Masaba, mlima uitwao Elgon katika ramani, ni volkeno iliyozimika, na udongo wake mwekundu una chuma kingi. Chombo kililia kila mahali kama mtoto mwenye njaa. Afande akaniambia niinue na kuishusha sahani juu ya mahali pasipo kitu, nikizungusha kitufe taratibu mpaka kelele zife. Hivyo chombo hulinganishwa na udongo, na kila shamba lina kipimo chake.

Afande alikuwa ameomba ruhusa, wakakubaliana kwamba cho chote kitakachopatikana ni mali ya mwenye shamba. Yeye hachimbi bila hilo, wala hagusi mahali palipotangazwa kuwa pa kumbukumbu, kwani sheria ya vitu vya kale iko, ya mwaka 1967 na kisha ile mpya ya mwaka 2023.

Saa kumi hivi, Afande akiwa amelala kivulini, nikapata sauti nzuri. Nikachimba upesi, jembe likagonga. Ilikuwa njuga ya chuma, yenye kutu, na sasa yenye ufa. Nikafukia shimo, nikakimbia kuwaonyesha.

Wagisu hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na vijana hao hucheza na njuga mapajani. Mwenye shamba akaishika kwa mikono miwili, akakaa kimya. Kisha akauliza, “Ilikuwa peke yake, au zilikuwa nyingi?”

Nikasema sikutazama.

“Ilikuwa chini kiasi gani?”

Sikupima.

Akaeleza kwamba kaka yake mkubwa alitoka nyumbani baada ya kutahiriwa asirudi tena, na njuga zake hazikuonekana. Mama yao aliamini kwamba alizizika mwenyewe pamoja, kwa hasira; baba yao alisema zilipotea moja moja ngomani. Wazazi wote wawili walikufa wakibishana.

Jioni Afande alinieleza habari za Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 zilipatikana huko sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za watawala wa pwani, zisizo na mwaka. Lakini pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za Wafatimi, ambazo zina mwaka, na kwa hizo wataalamu wakapata kukisia umri wa zile za fedha. Kama mtu angaliziokota moja moja na kuzitia mfukoni, zingalikuwa vipande vya fedha tu.

Asubuhi nilirudi shambani na kamba ya kupimia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nami nilikuwa nimelifukia shimo vizuri kama nilivyofundishwa. Nikapita na chombo kati ya migomba mpaka adhuhuri, nikapata msumari na kipande cha sufuria. Mwenye shamba alinitazama kutoka mlangoni, asiseme neno.

Tuliporudi Jinja, Afande alininunulia daftari akalichorea mistari: kitu, tarehe, mahali, kina, jirani zake. Nimejaza kurasa kumi na moja. Mstari wa kwanza unasema: njuga moja, Mbale, kina hakikupimwa, jirani hawakutazamwa.