Tiba kwa Vitendo: Taaluma Inayomrejesha Mgonjwa Katika Shughuli Zake

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitalini, jamaa humshukuru Mungu kwa kuwa amepona. Siku chache baadaye hudhihirika kwamba mkono wake hauwezi kufunga kifungo, kijiko humponyoka, na mama aliyezoea kusongea familia ugali sasa analishwa na wajukuu. Ugonjwa umetulizwa, lakini maisha hayajarejea. Pengo hilo kati ya kupona na kuweza ndilo linaloshughulikiwa na taaluma ya tiba kwa vitendo.

Wananchi wengi huichanganya taaluma hii na fiziotherapia. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulika zaidi na nguvu na mwendo wa viungo. Mtoa tiba kwa vitendo huanza na swali: mgonjwa huyu anahitaji kufanya nini katika siku yake? Huenda ni kuoga, kuvaa, kupika, kuandika shuleni au kurudi dukani. Kisha humfundisha namna mpya ya kulitenda jambo hilo, hubadili kifaa anachotumia, au hurekebisha mazingira ya nyumba.

Kama taaluma rasmi, tiba hii ina umri wa takribani karne moja. Chama chake cha kwanza kiliundwa Marekani mwaka 1917, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiacha maelfu ya askari wenye majeraha na ulemavu. Mwaka 1930, Dkt. Elizabeth Casson alifungua chuo cha kwanza cha fani hiyo nchini Uingereza, katika mji wa Bristol. Shirikisho la dunia liliundwa mwaka 1952.

Wakazi wa Dodoma wana sababu ya pekee ya kuifahamu historia hii. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, zama ambazo hospitali nyingi za afya ya akili duniani ziliwapa wagonjwa kazi za kulima, kushona na kufuma. Kazi hizo ziliwatuliza wengi, lakini zilikuwa na kasoro: mara nyingi zilifuata mahitaji ya hospitali kuliko ya mgonjwa. Mfugaji aliyefundishwa kufuma hakuwa ameandaliwa kurudi kwenye mifugo yake.

Baada ya Uhuru, Tanzania ilianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya utengamao wa wagonjwa wa akili, kikiwamo cha Hombolo hapa Dodoma. Humo kazi ilikaribia maisha ambayo mgonjwa angeyarudia. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ilifunguliwa mwaka 1971, na baadaye mafunzo ya stashahada ya tiba kwa vitendo yakaanza hapo. Hivyo taifa likaanza kujipatia wataalamu wake lenyewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo iliutambua utengamao kuwa haki, si hisani.

Hata hivyo, wataalamu hawa bado ni wachache, na familia nyingi huwafikia wakiwa wamechelewa. Mkono usiotumiwa hukakamaa, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayefichwa ndani hukosa miaka ambayo mwili wake ungejifunza kwa wepesi zaidi. Mtoto asiyeweza kukaa bila kushikiliwa baada ya kutimiza miezi 9 apelekwe kliniki, wala asisubiriwe kwa matumaini kwamba atabadilika mwenyewe.

Wakati huduma inatafutwa, familia inaweza kuanza na mambo machache. Mgonjwa aachwe afanye analoliweza, hata akichukua muda mrefu. Mkono dhaifu usivutwe anapoinuliwa. Mpini wa kijiko uzungushiwe kitambaa ili uwe mnene na rahisi kushika. Kitambaa chenye unyevu kikiwekwa chini ya sahani huizuia kuteleza, na kiti imara bafuni humwezesha kuoga akiwa ameketi. Wakati wa kuvaa shati, mkono dhaifu utangulie. Wakati wa kuvua, uwe wa mwisho.

Mkazi wa Kizota mwenye mgonjwa wa aina hii aanzie katika kituo cha huduma za afya kilicho karibu, aombe kupimwa na, ikibidi, kupewa rufaa. Afisa Ustawi wa Jamii anaweza kuielekeza familia kuhusu haki na misaada mingine. Jambo muhimu zaidi ni kutotoka hospitalini na dawa pekee. Kabla ya kutia saini ya ruhusa, jamaa aulize swali moja: “Ataishije nyumbani, na nani atamfundisha?”