Zakayo na Gunia la Lumbesa



Yapata miaka 750 kabla ya kuzaliwa kwake Bwana wetu, mchungaji mmoja wa Tekoa, jina lake Amosi, aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli. Hakuwalaumu kwa kuivunja Sabato, kwa maana waliishika. Kosa lao ni kwamba waliingoja ipite, wapate kufungua maghala, kupunguza kipimo cha nafaka na kuwauzia maskini hata makapi ya ngano (Amosi 8:4-6). Mwili ulikuwa katika ibada, na moyo ulikwisha kusimama penye mizani.

Twaisoma habari hiyo na kuwashangaa watu wale. Lakini tuyatazame ya kwetu.

Tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwahimiza waamini wote, wala si mapadre na watawa peke yao, wayasome Maandiko Matakatifu mara kwa mara, na kusoma huko kuandamane na sala. Baadaye Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliazimia kulijenga Kanisa katika jumuiya ndogo ndogo, yaani nyumba chache za majirani wanaokutana kusali na kulisikia Neno la Mungu. Jumuiya nyingi zafuata njia ya hatua saba iliyotoka katika Chuo cha Lumko, Afrika ya Kusini: twamkaribisha Bwana; twasoma Injili; kila mmoja achagua neno lililomgusa na kulitamka polepole; twanyamaza; twashirikishana; twaulizana Bwana ataka tufanye kazi gani; mwisho twaomba.

Hatua ya sita ndiyo inayotushughulisha leo. Mara nyingi zile tano za kwanza zafanywa kwa moyo, kisha muda waisha, daftari la michango lafunguliwa, na ile ya sita yarukwa. Au yajibiwa kwa maneno ya jumla: tupendane, tusali zaidi. Hakuna awezaye kuyapinga maneno hayo, wala hayamnyimi mtu usingizi.

Tuchukue mfano. Injili ni ile ya Zakayo (Luka 19:1-10). Mmoja asema ameguswa na mti wa mkuyu. Mwingine na upole wa Bwana aliyekubali kuingia katika nyumba ya mkosefu. Vema. Lakini katika mkeka ule ule ameketi mnunuzi wa mahindi, ambaye Jumatatu atakwenda vijijini na magunia yake. Huko gunia litajazwa mpaka mdomoni, litaongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, na mkulima atalipwa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo Serikali ya Tanzania imeikataza, na wakulima wangali wakiililia. Mtu huyu amesomewa habari za mwenziwe kabisa, tajiri aliyetoza zaidi ya haki, naye aondoka hajaulizwa neno.

Zakayo hakusema maneno ya jumla. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyedhulumiwa, mara nne. Sheria ya Musa ilimdai mwenye kuungama udanganyifu arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano tu (Hesabu 5:6-7). Malipo ya mara nne yalikuwa ya mwizi wa kondoo (Kutoka 22:1). Basi Zakayo alijihesabu mwenyewe katika kundi la wezi, tena mbele ya wageni wake.

Hatusemi jumuiya igeuzwe kuwa baraza la hukumu. Mtu akinyoshewa kidole hatarudi juma lijalo, wala hatutamlaumu. Swali liwekwe mbele ya wote, na kila mmoja ajisemee nafsi yake: nitafanya nini, na siku gani? Mama akisema kwamba Jumanne atakwenda kulipa deni la jirani yake, mnunuzi wa mahindi atakuwa amesikia.

Wengine watajibu: nikipima sawasawa, wenzangu watanishinda sokoni. Neno hilo si la mchezo. Mwenye watoto wa kulisha na mkopo wa kulipa halisemi kwa uvivu. Ndiyo sababu jambo hili halimwelei mtu peke yake. Wanunuzi watatu wa parokia moja wakipatana kununua kwa mizani, mzigo u mwepesi kuliko wa mmoja, na wakulima hawakawii kujua ni nani apimaye kwa haki.

Na katikati ya juma je? Mtakatifu Augustino, katika barua yake kwa mjane Proba, aliwasifu ndugu wa Misri waliosali sala fupi fupi, zilizorushwa upesi kama mishale. Sala ya namna hiyo yatosha penye mizani, penye mafiga, au katika basi lililojaa watu. Mtu achukue neno moja la Injili ya Jumamosi, alitamke kimoyomoyo kabla ya kushika jiwe la kupimia. Atakayefanya hivyo ataona ugumu wa kuubonyeza mzani kwa kidole.

Juma lijalo, kabla ya kufungua Injili mpya, mwenyekiti na aulize lile neno la juma lililopita limefika wapi. Wa kwanza kujibu na awe yeye mwenyewe.