Bwawa la Starehe na Daraja la Hatari

Bwawa likijaa maji hadi kina cha mita 20, kila mita moja ya mraba ya sakafu yake hubeba uzito wa maji wa tani 20. Tuta la udongo lililoshindiliwa vyema hustahimili mzigo huo kwa miaka mingi. Lisichostahimili ni maji kupita juu yake: yakimwagikia upande wa nyuma hung'oa udongo, kijifereji hupanuka, na hatimaye tuta zima hukatika. Ndiyo sababu huwekwa utoro, yaani njia ya kupitishia maji yanayozidi.

Mfano ulio wazi ni Bwawa la South Fork katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Serikali ya jimbo ililijenga ili kulisha mfereji wa usafiri, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1850. Reli ilipouondolea mfereji huo kazi, likauzwa. Mmoja wa wamiliki aliyang'oa mabomba ya chuma yaliyokuwa chini ya tuta, akayauza kama chuma chakavu. Tangu hapo haikuwezekana kuyapunguza maji ili tuta likarabatiwe. Mwaka 1879 lilinunuliwa kwa ajili ya klabu ya matajiri wa Pittsburgh, wapenda uvuvi. Kilele cha tuta kikashushwa ili magari ya farasi yaweze kupishana, na nyavu za chuma zikawekwa kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Samaki hawakutoroka kweli, lakini takataka za mafuriko nazo zilinasa papo hapo. Tarehe 31 Mei 1889 maji yalipita juu, tuta likakatika, na kwa muda wa saa moja hivi gharika likaufikia mji wa Johnstown, kilomita zipatazo 22 bondeni. Watu 2,209 walikufa.

Yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Hali ya bwawa yahusu uzima wa tuta: nyufa, uvujaji, mizizi ya miti, mashimo ya wanyama. Daraja la hatari ni swali jingine: bwawa likivunjika, nani atadhurika? Nchini Marekani daraja la juu ni la bwawa ambalo kuvunjika kwake kwatarajiwa kuua watu; la kati, kuleta hasara kubwa bila vifo; la chini, hasara ndogo, hasa kwa mwenyewe. Basi bwawa imara lililo juu ya kijiji ni la daraja la juu, na bovu lililo nyikani laweza kuwa la chini. Tena daraja hupanda pasipo tuta kuguswa. Nyumba zikijengwa bondeni yatosha.

Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 lilivunjika bwawa la Kelly Barnes, jimboni Georgia. Lilikuwa mali ya chuo, na tangu uzalishaji wa umeme ukome mwaka 1957 lilibaki ziwa la burudani. Kimo cha tuta kilikuwa mita 12 hivi tu, lakini watu 39 walikufa. Rais Jimmy Carter aliagiza mabwawa ya daraja la juu yasiyomilikiwa na serikali kuu yakaguliwe.

Zoezi: Chora ramani ya bonde lililo chini ya bwawa au lambo la jirani. Onyesha nyumba, njia na mashamba, kisha amua daraja lake la hatari kabla ya kwenda kulitazama tuta.