Kiatu cha Kukimbilia: Pima Mguu, Usitegemee Namba



Katika familia zetu wanaokimbia sasa ni wengi: watoto wanaojiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, na watu wazima walioshauriwa kufanya mazoezi kwa sababu ya shinikizo la damu au kisukari. Wengi wetu hapa Ushirombo hununua raba za mitumba. Si vibaya. Lakini kiatu kisichofaa huleta malengelenge, kucha nyeusi na maumivu ya kisigino. Kwa mgonjwa wa kisukari, kidonda kidogo kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu.

Mwaka 1960 mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki akikimbia peku, maana viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hii amevaa viatu. Fundisho ni kwamba mguu ndio unaochagua kiatu.

KUPIMA NYUMBANI

Namba iliyoandikwa haitoshi. 42 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa ndogo kuliko 42 ya kingine. Pima jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana kutwa.

1. Simama juu ya karatasi ukiwa umevaa soksi. Mwenzako achore kuzunguka mguu, penseli ikiwa wima. Chora miguu yote miwili, kwani mara nyingi haitoshani.

2. Chukua mchoro mkubwa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ongeza upana wa kidole gumba cha mkono.

3. Kata mchoro huo uende nao mnadani. Uingize ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja, kiatu ni kidogo.

KUKAGUA SOKONI

1. Weka kiatu mahali tambarare ukitazame kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, kimekwisha kufuata mguu wa mwenyewe wa kwanza.

2. Kikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, kiache.

3. Bonyeza sponji ya soli. Ikiwa ngumu na yenye mikunjo, imekufa, hata kama kiatu kinang'aa kwa juu. Fundi viatu aweza kushona na kubandika soli, lakini sponji iliyokufa hairudi.

4. Vaa vyote viwili, funga kamba, kimbia hatua chache. Kisigino kisichomoke, na vidole viweze kucheza. Kiatu kinachouma sokoni kitauma zaidi njiani.

KWA WAZAZI

Wengi hununua kiatu kikubwa mno ili mtoto "akikulie". Tunaelewa, fedha ni ngumu. Lakini mguu unaoteleza ndani ya kiatu huchubuka, na mtoto hujikwaa. Ile nafasi ya kidole gumba yatosha kwa miezi kadhaa. Fedha zisipopatikana, afadhali mtoto mwenye afya akimbie peku kwenye uwanja safi, uliookotwa miiba na vipande vya chupa, kuliko kumvalisha kiatu kinachomwumiza.

Raba za mitumba zioshwe kwa sabuni kabla ya kuvaliwa. Toa soli ya ndani, anika juani mpaka vikauke kabisa. Unyevu hukuza fangasi. Watoto wasivaliane viatu na soksi ovyo.

KWA MWENYE KISUKARI

Wewe usitembee wala kukimbia peku. Kisukari huweza kuleta ganzi, ukakanyaga msumari usijue. Kila unapotaka kuvaa kiatu, ingiza mkono kwanza utafute kijiwe au mshono uliochomoza. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole; kama huoni vizuri, mjukuu akuangalie.

LENGELENGE LIKITOKEA

Usilitoboe. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, pumzisha mguu. Likitoa usaha, likiwa la moto au ukipata homa, njoo hospitali. Mwenye kisukari aje siku hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu, kwani kwake kutosikia maumivu ndiyo hatari yenyewe.

Basi jioni ya leo tafuteni karatasi na penseli, mpimane nyumba nzima, kuanzia mtoto hadi bibi. Kila karatasi iandikwe jina na kutunzwa. Kwa watoto mrudie kila baada ya miezi michache.