Jino Liking'oka Uwanjani, Liokote

Watoto wawili wamegongana wakikimbilia mpira. Mmoja anainuka na damu mdomoni na pengo mbele, na kila mtu anaikimbilia damu. Jino liko mchangani. Kwenye mzizi wake zimebaki nyuzi laini zilizokuwa zikilishikilia kwenye mfupa wa taya, na nyuzi hizo zikikaa kavu kwa saa moja huwa zimekufa. Jino likirudishwa ndani ya dakika chache, lina nafasi nzuri ya kushika tena. Kwa hiyo mwokozi wa jino si lazima awe daktari. Mara nyingi ni mwalimu wa zamu, kaka mtu, au mama anayeuza maandazi kando ya uwanja.

Mtazame mtoto kwanza. Kama alizimia, anatapika, au taya halifungi sawasawa, hospitali ndiyo ya kwanza. Kama jino halionekani popote na mtoto anakohoa mfululizo, huenda limeingia kwenye njia ya hewa. Nalo si jambo la kusubiri.

Kisha jiulize ni jino gani. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu ukilisukuma unaweza kuumiza jino la ukubwani linaloota juu yake. Meno ya utotoni ya mbele huanza kutoka yenyewe kwenye miaka sita au saba. Mtoto wa miaka tisa aliyepoteza jino pana la mbele amepoteza la ukubwani, na hataota jingine. Ukiwa na shaka usilirudishe. Liweke kwenye maziwa, nenda nalo.

Jino la ukubwani lishike kwa ile sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka. Usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kwa maziwa, au lipitishe kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, sekunde chache tu. Usilisugue, usilipake sabuni wala spiriti, hata kama linaonekana chafu, maana unachokwangua ni zile nyuzi zenyewe. Mgeuzie mtoto uso juu kidogo, linganisha na jino la jirani ujue upande wa mbele ni upi, ulirudishe polepole kwenye tundu lake mpaka lilingane na wenzake. Mpe leso safi aing'ate kulizuia lisitoke, kisha twende kwa daktari wa meno, hata kwa bodaboda.

Najua wengi mkono utatetemeka. Kama huwezi, litie kwenye kikombe cha maziwa baridi, ya pakiti au ya ng'ombe wa jirani, mtindi haufai. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate kikombeni, jino lilale humo. Maji matupu hayalitunzi vizuri, lakini ni bora kuliko kuliacha likauke. Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kulifunga kwenye karatasi na kulitia mfukoni. Na ile desturi yetu ya kutupa jino juu ya paa tuiachie meno ya utotoni.

Daktari atalifunga jino kwenye meno ya jirani kwa muda wa wiki mbili hivi na kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Wakati huo mtoto ale vyakula laini, apige mswaki wenye nywele laini. Jino jingine baadaye litahitaji kutibiwa mzizi, na jingine halitashika kabisa. Hata likidumu miaka michache tu, linatunza mfupa wa taya wakati mtoto bado anakua, na hiyo peke yake inatosha kuhangaikia. Jino likivunjika tu, kiokoteni kipande na kukiweka kwenye maji au maziwa, kwani mara nyingi hugandishwa tena.

Lakini kuanguka si sababu kuu ya watoto kupoteza meno. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayolainisha jino, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kurekebisha. Sasa hesabu siku ya mwanafunzi: chai ya sukari asubuhi, aisikrimu saa nne, ubuyu wa rangi mchana, soda anayoinywa funda moja moja hadi jioni. Mate hayapati nafasi. Ndiyo maana idadi ya mara anazokula sukari inaumiza kuliko wingi wake. Vitu vitamu na viliwe pamoja na chakula, vimalizike.

Kuna gego moja ninalowasihi wazazi walitazame. Huota karibu na miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utotoni, na hakuna jino linalong'oka kulipisha. Wazazi hudhani ni la utotoni, wanaliacha lioze wakitegemea jingine, ilhali ni la maisha yote. Washa tochi ya simu, mwambie mtoto afumbue kinywa, uliangalie. Likiwa bado linachomoza huwa chini ya wenzake na mswaki hupita juu bila kuligusa, kwa hiyo ingiza mswaki kwa upande, kutokea shavuni. Mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi ni uozo unaoanza, na hapo bado unaweza kurudi nyuma.

Kinachourudisha ni dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na usiku kabla ya kulala, ukubwa wa punje ya mchele kwa mtoto chini ya miaka mitatu na wa njegere baada ya hapo. Ateme, asisukutue kwa maji. Mzazi ampigie mswaki mwenyewe mpaka miaka saba au nane. Kwenu huko Meru na Arusha, ambako maji yenye floraidi nyingi huacha madoa ya kahawia menoni, dawa ya meno kiasi hicho bado inafaa, ilimradi mtoto aiteme. Tatizo lenu ni maji ya kunywa, na kuyachemsha hakuondoi floraidi. Mtoto mdogo mpeni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri.

Kama gego limeshatoboka, usitie tumbaku, maji ya betri wala vidonge vilivyosagwa. Vinaunguza ufizi na uozo unaendelea chini. Mpe dawa ya maumivu ya kumeza kwa kipimo cha umri wake, umpeleke, na uulize kwanza kama linazibika kabla ya kukubali ling'olewe. Uvimbe ukipanda shavuni au homa ikija, nendeni siku hiyo hiyo.