Kabla Hujapita Mlango wa Meli Iliyozama
Kijitabu cha elimu kwa wazamiaji, waongozaji na wenye boti

Watu wakitajiwa kuzamia kwenye meli iliyozama huulizia papa na mikunga. Samaki hao si tatizo. Kinachoua ndani ya meli ni kuikosa njia ya kutokea huku hewa ya mtungi inazidi kupungua.

Meli za kwetu

Nje ya Bamburi, Mombasa, ipo MV Dania, iliyokuwa ikibeba mifugo. Ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki, na imelala kwenye kina cha mita 30 hivi. Unguja iko Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za mawasiliano iliyopanda mwamba mwaka 1902. Hiyo iko kwenye mita 12 tu, imekwishabomoka na kuwa wazi, na hata mwanafunzi aweza kuizunguka akifuatana na mwalimu wake. Bandarini Unguja kuna HMS Pegasus, manowari ya Uingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Kina chake ni mita 40 hivi, ambacho ndicho mwisho kabisa wa uzamiaji wa burudani.

Kuizunguka meli kwa nje na kuchungulia madirishani hatukukatazi. Mambo hubadilika unapopita mlango. Nje, mambo yakiharibika, unapanda taratibu mpaka juu. Ndani, juu yako kuna chuma.

Tope na kutu

Sakafu ya meli iliyokaa chini miaka mingi hufunikwa na tope laini kama unga wa muhogo. Pigo moja la mapezi linatosha kulitibua, na kwa sekunde chache huoni hata geji iliyo mkononi mwako. Kuwasha tochi kali zaidi hakusaidii: mwanga hugonga chembe za tope na kukurudia machoni.

Na usidhani anayeogelea kwa ustadi amesalimika. Mapovu ya pumzi yake hupanda na kugonga dari, kutu ikamwagika. Kwa hiyo maji uliyoyaona meupe wakati wa kuingia siyo utakayoyakuta wakati wa kutoka, na wa mwisho kwenye msafara ndiye huona kidogo kuliko wote.

Meli ikiwa imelala ubavu, shida huongezeka. Ujia hugeuka shimo, mlango huwa sakafuni, ngazi hulala. Mtu aliyekariri ramani ya meli ilivyokuwa ikielea hujikuta haijui tena. Nyaya nazo huning'inia kutoka darini zikisubiri kunasa vali ya mtungi wako, mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi.

Tena meli haitulii. Spiegel Grove, meli ya zamani ya jeshi la Marekani yenye urefu wa mita 155, ilizamishwa karibu na Key Largo, Florida, mwaka 2002, ikalala ubavu. Mwaka 2005 Kimbunga Dennis kikaisimamisha wima. Ilikuwa imesafishwa na kutayarishwa kwa ajili ya wazamiaji, sawa na Dania. Hata hivyo, mwezi Machi 2007 wazamiaji watatu walifia ndani yake. Anayekwambia kwamba meli "imetengenezwa kwa watalii" hajakwambia kwamba utatoka.

Hesabu ya hewa

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Tuseme unatumia lita 20 kwa dakika ukiwa juu ya maji. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne, basi utatumia lita 80 kwa dakika, na mtungi mzima utakwisha kwa dakika 30. Kanuni ni theluthi: moja ya kuingia, moja ya kutoka, moja ya dharura. Yaani dakika ya 10 tangu uanze kushuka, geuka.

Sasa tuseme mtungi wa mwenzako umeharibika mlipo ndani kabisa, na mnategemea wako. Zimebaki lita 1,600. Mkipumua kwa utulivu, zitawapa dakika 10, ambazo ni za kurudi tu. Lakini ni nani atakayetulia hapo? Hofu ikiongeza pumzi mara mbili, mna dakika tano. Ndiyo maana tunashauri mgeuke mapema kuliko theluthi, hasa kwa kuwa kwenye kina hicho nitrojeni huanza kulewesha, na mlevi hakosi kujiona yuko sawa.

Mafunzo ya kawaida ya uzamiaji wa meli yanaweka mipaka: usiende mbali kuliko mahali unapoweza bado kuona mwanga wa mlangoni, na kina pamoja na umbali wa kuingia visizidi mita 40. Mlango ukiwa kwenye mita 28, una mita 12 za kwenda ndani, basi.

Kamba

Kamba ya kukuongoza kurudi mlangoni hufungwa kwanza nje, kwenye maji ya wazi, kisha tena baada ya kuingia tu. Ikae imekazwa, maana kamba iliyolegea ni mtego. Kila mmoja awe na tochi tatu na kisu. Maji yakichafuka, zungusha vidole kwenye kamba, ifuate pole pole bila kuivuta.

Ukiipoteza, simama. Shika kitu kisichotikisika, tulia, subiri tope litue kidogo, funga kamba yako ya akiba hapo hapo ndipo uanze kutafuta. Kukurupuka huku na huku humpeleka mtu ndani zaidi.

Ukikuta mfuko wa hewa chini ya dari, usitoe kifaa cha kupumulia mdomoni ukapumua humo. Chuma kinapopata kutu hula oksijeni, na hewa iliyosalia yaweza kukuzimisha bila wewe kuhisi dalili yoyote.

Kwenye boti

Chagua maji mafu, si bamvua, kwa sababu ya mkondo. Boti ibebe oksijeni na mtu anayejua kuitumia. Nahodha aandike nani ameshuka, saa ngapi, na kama anakusudia kuingia ndani. Wakichelewa, aite msaada kwa redio mara moja, wala asimtume kijana asiyefunzwa kuwafuata.

Mwongozaji ana haki ya kumkatalia mgeni asiye na mafunzo. Mgeni akidai amekwishalipa, mrudishie pesa yake.