Mahali pa Kulala Njiani

Kutoka Kasongo mpaka Kabambare ni zaidi ya kilomita 100. Mtu aendaye kwa miguu, au asukumaye baiskeli yenye mzigo, hawezi kufika kwa siku moja. Hata mwenye pikipiki huweza kukwama katika matope, au kukuta daraja limevunjika. Basi usiku humkuta njiani. Atalala wapi?

Wasafiri wengi hungoja mpaka giza linaingia, ndipo huanza kutafuta mahali. Wakati huo macho hayaoni tena, miguu imechoka, na kila mahali huonekana pazuri. Msafiri mwenye akili hafanyi hivyo. Yeye ajua kwamba usiku mwema hutengenezwa mchana.

1. Kambi za zamani

Zamani, kabla ya barabara za magari, njia kubwa ya misafara ilitoka pwani ya Bahari ya Hindi. Ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe karibu na mto Lualaba. Wafanya biashara Waarabu na Waswahili waliifuata njia hiyo pamoja na wapagazi wengi. Mmoja wao, Hamed bin Muhammed aliyeitwa Tippu Tip, alikuwa na makao yake Kasongo. Walileta nguo, shanga na bunduki. Walirudi na pembe za ndovu, na pia na watumwa.

Msafara ulianza safari alfajiri. Mbele alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa njia. Mara nyingi walitua kambini karibu na adhuhuri, hata kama jua lilikuwa bado kali. Kwa nini walitua mapema hivyo? Kwa sababu kazi za kambi ni nyingi: kukata miti, kujenga vibanda, kuteka maji, kuokota kuni, kununua chakula na kupika. Aliyechelewa kutua alilala na njaa, tena bila paa.

Msafiri mmoja wa wakati ule alikuwa David Livingstone, mganga na mhubiri kutoka Scotland. Alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi wa Septemba 1869. Mwaka uliofuata alisafiri katika misitu wakati wa mvua, akipita matope na vijito siku baada ya siku. Miguu yake ikaingia vidonda vibaya. Akarudi Bambarre mwezi wa Julai 1870, akakaa ndani ya nyumba siku 80 bila kuweza kutembea. Kwa msafiri, mahali pakavu pa kulala na kukausha miguu si anasa. Ni jambo la uzima.

2. Mambo ya kutazama

Jambo la kwanza ni maji. Kambi lazima iwe karibu na maji, lakini isiwe ukingoni mwa mto. Mvua ikinyesha mbali kwenye milima, mto hujaa usiku hata mahali ambapo hapakunyesha tone moja. Tena ukingoni kuna mamba. Kiboko naye hutoka majini usiku kwenda kula majani, na hufuata njia yake ile ile. Ole wake aliyelala katika njia hiyo. Mchana mbung'o, yaani nzi waletao ugonjwa wa malale, hukaa katika vivuli vya kandokando ya mito. Basi ni vizuri kuteka maji na kuondoka upesi. Maji ya kunywa yachemshwe.

Mzee mmoja alikuwa akisafiri na mjukuu wake kando ya mto Luama. Jua lilipoanza kushuka, mtoto aliona mchanga mweupe karibu na maji.

“Babu, tulale hapa,” akasema. “Mchanga ni laini, na maji yako karibu.”

Mzee akamwonyesha mti mmoja. Katika matawi yake, juu kupita kichwa cha mtu, yalikuwa yamekwama majani makavu na vijiti.

“Mjukuu wangu, nani ameyapandisha majani haya juu ya mti?”

Mtoto akafikiri. Akasema, “Si upepo, babu. Yana matope. Ni mto.”

“Vema. Na mto ukirudi usiku huu, utatuuliza kwanza?”

Wakapanda mlimani mpaka kijijini, wakaomba mahali pa kulala. Usiku mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi walipotazama chini, mchanga ule mweupe haukuonekana tena.

Jambo la pili ni ardhi. Mahali pazuri pameinuka kidogo, na maji ya mvua hupita bila kusimama. Bondeni ni baridi, na mbu ni wengi.

Jambo la tatu ni miti. Kabla ya kuweka mzigo chini, msafiri hutazama juu. Mti mkavu au tawi lililooza huweza kuanguka usiku na kuua mtu. Mti mrefu uliosimama peke yake huvuta radi.

Jambo la nne ni wadudu na nyoka. Msafiri huchunguza kama siafu wanapita, hasa baada ya mvua. Hakai karibu na kichuguu chenye mashimo, wala penye magogo yaliyooza, kwa kuwa nyoka hupenda kujificha humo.

3. Kujenga kibanda

Kama hakuna kijiji karibu, mtu hujenga kibanda. Kwanza husimamisha miti miwili yenye panda, hulaza mti mmoja juu yake, kisha huegemeza fito upande unaotoka upepo. Halafu hupanga majani mapana. Huanza chini na kupanda juu, ili jani la juu lilalie lile la chini, kama magamba ya samaki. Akianza juu, mvua itaingia yote.

Maji ya mvua yasiingie chini, mfereji mdogo huchimbwa kuzunguka kibanda. Haifai kulala juu ya udongo mtupu. Fito chache zilizoinuliwa, na juu yake majani makavu na mkeka, ni kitanda kizuri. Mwenye chandarua hukitundika kabla ya giza, kwa maana mbu waletao malaria huuma usiku.

Moto huwashwa mahali palipofyekwa, mbali kidogo na majani ya paa. Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa Juni mpaka Agosti, majani ya porini ni makavu sana, na cheche moja huweza kuteketeza shamba la watu.

Choo kiwe mbali na kambi, tena mbali na maji. Agizo hili ni la zamani sana. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 23, Waisraeli waliamriwa kwenda nje ya kambi, kuchimba shimo, na kufunika uchafu wao, kwa sababu Mungu alitembea katikati ya kambi yao. Usafi wa kambi ni afya, na pia ni heshima.

4. Mahali pana wenyewe

Mtu aweza kufuata hayo yote na bado akalala vibaya. Pori laonekana halina mtu, lakini karibu kila mahali pana mwenyewe. Kijito ni cha kijiji fulani, na shamba lililoachwa lina ukoo wake. Kwa hiyo msafiri huenda kwanza kwa kapita wa kijiji. Humsalimu, humweleza atokako na aendako, na huomba mahali. Kuuliza si ujinga. Wenyeji ndio wajuao mto ujaao, mti ulioanguka mwaka jana, na njia yenye hatari. Siku hizi pia huulizwa habari za usalama, maana mara nyingine watu wenye silaha wamesumbua vijiji vya Kabambare.

Misafara ya zamani ilijua sana kuchagua maji na kivuli. Lakini wengi walichukua chakula na watu kwa nguvu. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanya biashara walipiga bunduki katika soko la Nyangwe, wakati wanawake wengi walikuwa wakiuza vitu vyao. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama katika Lualaba. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake. Alihuzunika sana, akarudi Ujiji. Katika nchi iliyotendewa hivyo, watu waliposikia msafara unakuja walikimbilia msituni. Msafiri aliyefuata, hata kama alikuwa mtu mwema, alikuta nyumba tupu na majivu baridi. Mabaya ya mgeni wa jana humlaza njaa mgeni wa leo.

Baadaye, wakati wa serikali ya Wabelgiji, vijiji vilivyo njiani viliamriwa kujenga na kufagia nyumba za kulala maofisa waliokuwa safarini. Nyumba hizo zilikuwa na paa nzuri. Lakini paa iliyojengwa kwa amri si sawa na mlango uliofunguliwa kwa moyo. Mwenyeji akimpokea mgeni kwa hiari, humpa moto, maji na neno jema, tena humlinda usiku.

Kwa hiyo msafiri mwema hulipa au hushukuru. Asubuhi huzima moto kwa maji mpaka majivu yapoe, hufukia takataka, hufagia alipolala, na huacha kuni kidogo kwa ajili ya mwingine. Hivyo njia yote, toka Kasongo mpaka Kabambare, hubaki na milango iliyo wazi.

Maswali

1. Kwa nini misafara ya zamani ilitua mapema?
2. Mzee alijuaje kwamba mto hufika kwenye mchanga ule?
3. Majani ya paa hupangwaje? Kwa nini?
4. Kwa nini watu walikimbia waliposikia msafara unakuja?
5. Chora kambi yenye mto, kibanda, moto na choo. Onyesha kila kitu mahali pake.
6. Muulize mzee wa nyumbani kwenu: zamani wasafiri walilala wapi karibu na kijiji chenu? Andika majibu yake kwa mistari mitano.